Somo la 14: Jua la Muchana na Watoto wa Masomo

Soma kwanza katika Biblia: Yona 4:5-8 na Yohana 9:1-3.



Watu wengi wanatuuliza kwenye dispensari: "Je, inafaa kupaka watoto dawa ya kuzuia jua mbele ya kwenda masomoni?" Wamoja wameiona dawa hiyo katika farmasi ya mujini. Wengine wanasema ni kitu cha Wazungu tu. Sikilizeni jibu, na lishikeni vizuri.

Watoto wetu walio wengi hawahitaji dawa hiyo. Lakini pengine kuna mutoto mumoja katikati yao anayeihitaji kila siku, kama vile anavyohitaji chakula. Ni mutoto mwenye ualbino. Kama watu wazima hawamulindi, jua litaharibu ngozi yake pole pole, na maisha yake yanaweza kukatika mbele ya wakati. Katika Afrika watu wengi wenye ualbino wanakufa kwa kansere ya ngozi mbele ya kufikisha miaka 40. Kansere hiyo inaanza kujengwa wakati wa utoto, katika njia ya masomo na katika kiwanja cha kuchezea. Kwa hiyo somo hili ni juu ya uzima na kifo.

1. KWA SABABU GANI WATOTO WENGI HAWAHITAJI DAWA

Jua linatuma miali tunayoiona, ni mwanga. Linatuma vilevile miali mingine ambayo macho hayawezi kuiona. Miali hiyo isiyoonekana ndiyo inayounguza ngozi. Lakini Mungu ameweka katika ngozi yetu rangi nyeusi inayoitwa melanini. Rangi hii ni kama mwavuli mudogo juu ya kila chembe ya ngozi. Mutu mweusi ana mwavuli huo tangu kuzaliwa, na kansere ya ngozi inayoletwa na jua ni haba sana kwake.

Zaidi ya hayo, jua linasaidia mwili kutengeneza vitamini D, ambayo inatia mifupa nguvu. Mutoto anayefungiwa ndani ya nyumba siku zote anaweza kupata ugonjwa wa mifupa laini, na miguu yake inapindika. Kwa hiyo musiogope jua kwa watoto hao. Wapeni maji ya kunywa na kivuli wakati wa joto kali, inatosha. Musipoteze feza za familia kwa kununua dawa wasiyoihitaji.

Ila angalieni: mutoto mwenye madoa meupe yaliyopoteza rangi, ao mwenye kovu jipya la moto, afunike mahali pale. Na mutoto anayemeza dawa ya doxycycline akae kivulini, kwa maana dawa hiyo inafanya ngozi iungue upesi.

2. MUTOTO MWENYE UALBINO NI NANI?

Ni mutoto ambaye mwili wake hauwezi kutengeneza melanini ya kutosha. Ngozi yake, nywele zake na macho yake yanakosa rangi. Ualbino si ugonjwa wa kuambukiza. Unaweza kula naye, kulala naye, na kumupakata, bila kupata kitu.

Unatoka wapi? Mutoto anapokea mbegu ya rangi toka kwa baba na toka kwa mama. Muzazi anaweza kuwa mweusi kabisa, na tena kubeba ndani yake mbegu moja isiyotengeneza rangi, bila kujua. Kama wazazi wote wawili wanabeba mbegu ya namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mutoto mwenye ualbino.

Baba, sikia neno hili. Usimufukuze muke wako, usiseme amezini na Muzungu. Usiseme ni pepo ao laana ya ukoo. Mbegu ilitoka kwako na kwake pia. Wanafunzi wa Yesu walipoona kipofu, waliuliza ni nani aliyefanya zambi, yeye ao wazazi wake. Yesu alikataa majibu yote mawili. Basi sisi ni nani hata tumuhukumu mama huyu?

Na nyinyi watoto, musimuite mwenzenu kwa majina ya kuchekelea. Ana jina alilopewa na wazazi wake. Mumuite kwa jina lile.

3. JUA LETU NI KALI KULIKO TUNAVYOFIKIRI

Inchi yetu ya Congo inapitwa na ikweta. Muchana jua linasimama karibu juu ya kichwa, na miali yake inashuka kwa nguvu.

Watu wa milimani wanasema: "Hapa kwetu ni baridi, jua haliumi." Ni uongo. Joto ni kitu kimoja, na miali inayounguza ni kitu kingine. Kila unapopanda metre 1000, miali hiyo inaongezeka kwa karibu 10 katika 100. Goma na Bukavu ni miji iliyo karibu na metre 1500, na Butembo ni juu zaidi. Mutoto wa huko anaungua bila kusikia joto.

Wengine wanasema: "Leo kuna mawingu." Hata hivi miali mingi inapita katikati ya mawingu mepesi. Na maji ya ziwa na muchanga mweupe vinairudisha juu mpaka usoni, hata chini ya kofia.

Tena wengine wanasema: "Mumuache, ngozi yake itazoea." Haitazoea. Hakuna melanini ya kuifanya izoee. Kila kuungua kunaongezeka juu ya kuungua kwa mbele, kama deni lisilolipwa. Wekundu na maumivu vinakuja nyuma ya saa nyingi, pengine usiku. Kwa hiyo mutoto anacheza muchana kwa furaha, na mama anasikia kilio chake akiwa amelala.

Jua ni baya zaidi tangu saa 4 ya asubui mpaka saa 10 ya muchana. Kama huna saa, tazama kivuli chako. Kama kivuli ni kifupi kuliko wewe mwenyewe, jua ni kali. Mukimbize mutoto chini ya dari. Mutoto wa darasa la kwanza anaweza kujifunza kipimo hiki kwa siku moja.

4. SIKU MOJA YA MASOMO

Tutazame siku ya mutoto huyu, mahali kwa mahali.

Asubui, njiani. Mbele ya saa 2 jua lingali chini. Wakati huu ni muzuri kwa kutembea. Katika miji masomo mengi yana makundi mawili, moja la asubui na moja la nyuma ya saa 6. Mutoto wa kundi la pili anatembea wakati jua liko katikati ya mbingu. Muzazi amuombe mukubwa wa masomo amuweke mutoto huyu katika kundi la asubui. Ombi hili halina gharama hata franga moja, na faida yake ni kubwa.

Bendera. Watoto wanapanga mistari katika kiwanja na kuimba. Kama maneno yanakuwa marefu, mutoto asimame upande wa kivuli cha nyumba. Hatazarau bendera kwa kusimama kivulini.

Darasani. Asikae karibu na dirisha linaloingiza jua. Aketi mbele kabisa, karibu na ubao. Macho yake vilevile yanakosa rangi, kwa hiyo hayaoni mbali, yanachezacheza, na mwanga unayaumiza. Miwani inasaidia kidogo, haiponyeshi yote. Mwalimu, usimuite mupumbavu. Soma kwa sauti kila kitu unachoandika, na umupe ruhusa ya kusimama na kukaribia ubao. Watoto wengi wenye ualbino wanaacha masomo kwa sababu hawaoni maneno, nao wana akili kama wengine. Halafu mutoto aliyeacha masomo anatumwa kulima na kuuza sokoni, katika jua siku nzima. Hivi kukosa ubao kunamupeleka kwenye kansere.

Mapumziko na mazoezi ya mwili. Acheze chini ya miti ao kwenye baraza. Mazoezi na kazi ya bustani vifanyike katika saa ya kwanza, si saa 6. Kama hakuna muti, masomo yapande miti sasa. Muti wa avoka ao wa maembe utatoa kivuli kwa watoto wa kesho.

Kurudi nyumbani. Hii ndiyo njia mbaya kuliko zote, kwa maana ni saa 6 ao saa 7. Hapa kofia na shati ni vya lazima. Na akifika nyumbani, asitumwe kuchota maji mbele ya jioni.

5. NGUO KWANZA, DAWA KISHA

Wazazi wengi wanafikiri dawa ni ya kwanza. Sivyo. Kivuli ni cha kwanza, nguo ni ya pili, dawa ni ya tatu.

Shati iwe na mikono mirefu. Inyoshe mbele ya mwanga: kama unaona mwanga mwingi kupitia nyuzi, ni nyepesi mno. Shati nyeupe ya masomo ni nyepesi mara nyingi; mutoto avae nguo nyingine chini yake. Suruali ndefu, ao sketi ndefu na soksi, ni nzuri.

Kofia iwe na ukingo wa upana wa vidole 4, kuzunguka kichwa chote. Kepi inafunika paji la uso tu. Inaacha masikio na shingo, na ni hapo kansere inapenda kuanza. Masomo mengine yanakataza kofia. Tunaomba wakubwa wa masomo: kwa mutoto huyu kofia ni dawa, si mapambo. Mungu mwenyewe aliotesha mumea ili kutia kivuli juu ya kichwa cha Yona. Tusimunyime mutoto kile Mungu alichompa nabii.

6. NAMNA YA KUTUMIA DAWA YA KUZUIA JUA

(a) Soma chupa. Tafuta herufi SPF ao FPS na hesabu 30 ao zaidi. Dawa ya 30 inazuia karibu miali 97 katika 100 ya zile zinazounguza, na ya 50 inazuia karibu 98. Tofauti ni ndogo. Afazali ya 30 inayopakwa kila siku kuliko ya 50 inayowekwa akiba. Tazama vilevile tarehe ya mwisho.

(b) Paka ndani ya nyumba, dakika 20 mbele ya kutoka.

(c) Paka mahali pote ambapo nguo haifuniki: uso, masikio mbele na nyuma, shingo, midomo, mugongo wa mikono, na juu ya miguu kama anavaa sandali. Kwa uso na shingo, pima mustari wa dawa kwa urefu wa vidole 2. Ukipaka kidogo sana, hailindi.

(d) Rudilia kila saa 2 kama mutoto yuko inje, na kila mara akitoka jasho sana ao akinawa. Mwalimu aweke chupa katika kabati, amukumbushe wakati wa mapumziko na mbele ya kurudi nyumbani.

(e) Kama dawa ni chache, anza na masikio, pua, midomo na shingo. Sehemu nyingine zifunikwe na nguo.

(f) Mutoto aliye chini ya miezi 6 akae kivulini na nguo, asipakwe.

Mafuta ya mawese, vaselini, na mafuta ya watoto hayazuii jua. Tena jihazarini na mafuta ya kuchubua ngozi yanayouzwa sokoni. Mengine yana hidrokinoni ao zebaki. Ni sumu, na hayana kazi yoyote katika kulinda mutoto huyu.

Dawa ya kweli ni ya bei kali, tunajua. Lakini haizaniwi tena kuwa mapambo. Katika mwaka 2025 OMS iliiweka katika orodha yake ya dawa za lazima. Huko Moshi, Tanzania, wanatengeneza dawa inayoitwa Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Basi kanisa na kamati ya wazazi wanaweza kuweka sanduku la kununua chupa za dawa na kofia. Tarehe 13 ya mwezi wa 6 kila mwaka ni siku ya watu wenye ualbino katika dunia yote. Ni siku nzuri ya kukusanya sadaka hiyo.

7. TAZAMA NGOZI KILA MWEZI

Mara moja kwa mwezi, mama amutazame mutoto mwili wote katika mwanga muzuri. Akiona mahali pakavu penye kukwaruza kama musasa, ao kivimbe kinachokua, ao kidonda kisichopona kwa wiki 4, ao kinachotoka damu mara kwa mara, amupeleke kwa munganga. Asingoje. Kansere ndogo ya ngozi inakatwa kwa upasuaji mudogo, na mutu anapona. Ile iliyofichwa na kufunikwa na majani inakula sikio, kisha shingo, kisha uhai.

MAULIZO

1. Kwa sababu gani watoto wengi weusi hawahitaji dawa ya kuzuia jua?
2. Mutoto mwenye ualbino alipokea mbegu zake toka kwa nani?
3. Kivuli chako kinakufundisha nini juu ya nguvu ya jua?
4. Kati ya dawa, nguo na kivuli, ni nini ya kwanza? Na kwa nini kepi haitoshi?
5. Mwalimu anaweza kufanya mambo gani manne bila kutumia feza?
6. Je, katika masomo yenu kuna mutoto wa namna hii? Anakaa wapi darasani? Anarudi nyumbani saa ngapi? Nani atamutafutia kofia juma hili?

Ulizo la 6 halijibiwi kwa kinywa tu. Lijibuni mbele ya Siku ya Mungu ijayo.