Mombasa Ndani ya Ghala la Mahindi: Somo la Pazia la Kijani

Chama chetu cha Kiswahili kilipotangaza safari ya Mombasa ya likizo ya Agosti, tulishangilia kwa hoihoi na nderemo. Ada ya safari iliposomwa, baadhi yetu tuliacha kushangilia. Sisi ni wanafunzi wa kutwa, na nyumbani kwetu mwezi wa Agosti mahindi bado yako shambani na pesa nazo ziko shambani pamoja nayo. Basi lilipoondoka Kaptagat tulibaki watano.

Mwalimu mlezi wa chama alituita akatuambia kwamba hata waliobaki wataonyesha kitu Siku ya Kiswahili, muhula wa tatu. Tukakubaliana kutengeneza igizo fupi la video, dakika tatu: msichana wa Kaptagat amesimama mbele ya Fort Jesus akimsomea kogo wake barua ya simulizi za pwani. Shida ni moja tu. Kutoka hapa hadi Fort Jesus ni karibu kilomita 800, na msichana wetu hajawahi kuiona bahari. Hivyo ndivyo tulivyojifunza kazi ya pazia la kijani, na ndiyo ninayotaka kuwaeleza wenzangu hapa, pamoja na makosa yetu yote, maana yalikuwa mengi.

Kwanza tujue jambo lenyewe. Unampiga picha mtu mbele ya kitambaa cha rangi moja. Kisha, kwa programu ya simu kama vile CapCut au KineMaster, unaigusa rangi ile kwa kidole na kuiambia simu: popote uonapo rangi hii, iondoe. Panabaki uwazi, na katika uwazi huo unaweka picha nyingine, iwe bahari, iwe theluji, iwe mwezini. Wasomaji wa hali ya hewa katika televisheni hufanya vivyo hivyo. Ramani ile unayoiona nyuma yao, wao hawaioni.

Mbona kijani? Nilidhani ni mazoea tu, kumbe kuna sababu. Ngozi ya binadamu, awe mweusi awe mweupe, ina wekundu na unjano lakini haina ukijani, kwa hivyo simu haiwezi kukosea uso kwa pazia. Sababu ya pili iko ndani ya kamera. Kioo cha kupokelea picha kina vijicho vidogo mno, na katika kila vijicho vinne, viwili hupokea kijani, kimoja chekundu na kimoja buluu. Mpango huo ulibuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, na hataza yake ilitolewa mwaka 1976. Maana yake ni kwamba kamera huiona kijani vizuri kuliko rangi nyingine. Zamani za filamu za utepe walitumia zaidi buluu. Filamu ya The Thief of Bagdad ya mwaka 1940 ilitumia buluu, na Lawrence Butler aliyeshughulikia picha hizo akapata tuzo ya Oscar.

Msidhani pia kwamba jambo hili ni la Wazungu peke yao. Huko Wakaliga, mtaa wa Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza filamu ya Who Killed Captain Alex? iliyotoka mwaka 2010. Pazia lake lilikuwa kitambaa cha sokoni kilichotundikwa ukutani. Na kabla ya hizi simu, mjomba wangu aliyefanya kazi Mombasa alirudi na picha yake aliyopigwa Likoni mwaka 1996, amesimama kwa madaha mbele ya meli kubwa. Meli ile imechorwa kwa rangi kwenye kitambaa. Miaka ile wapiga picha wa Likoni walikuwa na vibanda karibu na kivuko, na ndani yake mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba. Kila nikiitazama hucheka: feri yenyewe ilikuwa hatua chache tu kutoka pale, lakini mjomba alitaka meli ya kitambaa. Ila mpiga picha yule alijua kitu ambacho sisi hatukukijua, nami nitakifikia.

Haya, sasa kazi. Kitambaa tulikinunua Eldoret, mita tatu kwa mbili, pamba nzito isiyong'aa. Usinunue satini hata kama inapendeza! Inayong'aa hurudisha mwanga kama kioo na kufanya mabaka meupe ambayo simu haiyatambui kuwa ni kijani. Kipige pasi. Nasema tena, kipige pasi, kwa sababu kila kunyanzi ni kivuli, na kila kivuli ni kijani cha aina nyingine. Baada ya pasi usikikunje, kizungushe kwenye fito. Tulikitundika kwa vibanio vya nguo huku na huku tukakivuta chini kwa mifuko ya unga iliyojazwa mchanga.

Jaribio la kwanza tulilifanya nje, kwenye kamba ya kuanikia nguo. Kaptagat iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Agosti huwa ni ukungu mtupu. Ukungu, jamani, ni taa bora kuliko zote! Mwanga hutoka kila upande, kitambaa chote kinakuwa sawa, hakuna kivuli, na hulipi umeme. Tulifurahi kweli. Upepo ulipokuja pazia likaanza kucheza, lakini hilo si kitu. Kichekesho kilikuja jioni tulipoliondoa pazia kwa programu. Msichana wetu alikuwa amevaa sare, na sweta ya sare yetu ni ya kijani! Mwili wote ukatoweka. Kikabaki kichwa kinachoelea juu ya bahari kikisoma barua, na mikono miwili imeishikilia. Ndugu yake mdogo aliyekuwa akichungulia alikimbia. Siku ya pili akavaa leso ya mama yake, kumbe ina majani ya kijani kwenye pindo, na bahari ikaonekana kupitia mashimo kumi na mawili. Kwa hivyo sheria: chochote cha kijani kisiingie. Ukishindwa kubadilisha nguo, badilisha pazia liwe la buluu.

Siku ya tatu alivaa blauzi ya maroni na kila kitu kikatoka safi. Bado picha ilikataa. Tuliitazama wote watano tukajua kuna uongo, ila hakuna aliyeweza kusema uko wapi. Mwenzetu mmoja alisema tuache, ati waliosafiri watatucheka. Maneno hayo yalituchoma maana yalikuwa na ukweli. Kubaki kumebaki, lakini kubaki halafu uonekane ulijifanya umeenda, hiyo ni aibu mara mbili.

Nilikwenda kuitazama ile picha ya mjomba. Mchoraji amechora jua likiipiga meli kutoka kushoto. Na mjomba je? Shavu lake la kushoto linang'aa, la kulia lina kivuli. Mpiga picha aliiweka taa yake upande wa jua la kuchorwa! Nikarudi kwa picha yetu. Fort Jesus ina jua kali la alasiri, kuta zina vivuli vyeusi kama masizi. Msichana wetu ana mwanga wa ukungu wa Kaptagat, laini, baridi, hauna upande. Ni kama umeikata picha ya gazeti ukaibandika juu ya nyingine. Pazia lilikuwa sawa. Mwanga wa mtu ndio uliokuwa wa mahali pengine.

Basi hapa ndipo penye somo lenyewe. Pazia lina mwanga wake na mtu ana mwanga wake, na ni kazi mbili tofauti. Mwanga wa pazia uwe sawa kila mahali. Mwanga wa mtu ufanane na wa picha utakayoiweka nyuma.

Tuliwapigia wenzetu waliokuwa Mombasa bado. Tulimwomba mmoja apige video mpya: asimame tuli dakika moja, ashike simu usawa wa kifua, atuambie ni saa ngapi na jua liko upande gani. Akatutumia ya saa kumi alasiri, ameelekea baharini. Bahari iko mashariki, kwa hivyo jua lilikuwa nyuma yake, kidogo kushoto. Urefu wa simu nao ni muhimu. Mstari ule ambapo bahari inakutana na mbingu hukaa usawa wa kamera. Kamera yako ikiwa juu kuliko ya mwenzako, mtu wako ataonekana mfupi au anaelea.

Tukahamia ndani. Sebule zetu ni fupi, lakini ghala la mahindi la kwetu Agosti huwa tupu, lina urefu wa mita sita. Nyufa za mbao tuliziziba kwa mablanketi ili mwanga wa nje usiingie. Pazia tukalitundika mwisho kabisa. Msichana akasimama mita mbili mbele yake. Usipunguze hizo mita mbili! Akilikaribia pazia, kivuli chake kitaliangukia, na mwanga wa kijani utaruka kutoka kitambaani umpake masikioni na mabegani, halafu programu itamla kingo.

Taa za pazia zilikuwa mbili za LED, moja kila upande, za nguvu sawa. Mwanzoni tuliziweka karibu, tukapata pazia jeupe kando na jeusi katikati. Hapo somo la Fizikia lilitufaa. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga hupungua mara nne. Taa ikiwa nusu mita kutoka ukingo wa karibu na mita mbili unusu kutoka ukingo wa mbali, umbali umezidi mara tano, na mwanga umepungua mara 25. Isogeze nyuma, iwe mita mbili kutoka ukingo wa karibu na nne kutoka wa mbali, basi tofauti ni mara nne tu, na taa ya upande wa pili inaiziba. Kwa hiyo taa zikiwa mbali, pazia linakuwa sawa. Linakuwa na giza kidogo, kweli, lakini simu inataka usawa kuliko ukali. Kupima, kaza macho nusu kufumba utazame kitambaa. Mabaka utayaona.

Taa ya tatu ndiyo jua letu. Balbu ya mwanga wa njano, moja, bila kuifunika, nyuma ya simu upande wa kushoto, juu kuliko kichwa. Inatoa kivuli chenye ukingo mkali, kama jua. Upande wa kulia aliyebaki bila kazi alishika karatasi ya manila nyeupe ili shavu lile lisiwe jeusi tititi. Kama picha yako ya nyuma ni ya siku ya mawingu, fanya kinyume: tundika shuka jeupe mbele ya taa, mwanga ulainike. Lakini shuka au karatasi isiguse balbu ya moto, hasa ndani ya ghala la mbao.

Mambo mawili ya simu. Bonyeza kioo kwa kidole na ushikilie mpaka mwanga ufungwe, la sivyo simu itaubadilisha yenyewe kila mtu akisogea. La pili lilitusumbua siku nzima: mistari myeusi ikipanda na kushuka kwenye picha. Umeme wa Kenya hupiga mara 50 kwa sekunde, na taa nyingi hufifia na kuwaka mara 100. Simu yetu ilikuwa ikipiga picha 30 kwa sekunde, haviendi pamoja. Tulipoiweka 25, mistari ikatoweka. Simu isiyo na 25, jaribu taa za betri.

Kingo za nywele bado zilitupa taabu. Kwenye programu kuna kipimo cha nguvu ya kuondoa rangi. Ukikipandisha sana nywele zinaliwa, ukikishusha unabaki utando wa kijani. Tuliacha utando kidogo. Mwishowe msichana alifunga kitambaa cha kichwa na tatizo likaisha, njia ambayo hakuna programu iliyotufundisha.

Siku ya Kiswahili ilipofika, mwanzoni mwa igizo tuliandika kwa herufi kubwa: LIMEPIGWA KAPTAGAT, NDANI YA GHALA. Tulibishana juu ya maneno hayo usiku kucha, wawili walitaka tuyafiche. Hata hivyo, mvulana mmoja aliyesafiri aliyasoma, akatazama igizo lote, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini msichana yule alishukia kituo gani, mbona yeye hakumwona.

Pazia liko kwa katibu wa chama. Anayelihitaji aliandikie jina daftarini, na alirudishe limepigwa pasi, limezungushwa kwenye fito.