Namba 1,073,741,824 na Majibu ya Maabara

Anza na 1, uizidishe kwa 2 mara 30: utapata 1,073,741,824. Namba kubwa namna hii, lakini vigawanyo vyake ni 31 tu, na namba tasa pekee inayoigawa bila baki ni 2. Tena, ni zao la 1,024 × 1,024 × 1,024, na sifa hii ndiyo yenye manufaa kwetu.

Katika kipimo cha PCR, vinasaba vya kimelea hurudufiwa ndani ya mashine. Kila mzunguko, kazi ikienda sawasawa, idadi huwa maradufu. Mizunguko 10 huzidisha mara 1,024, yaani elfu hivi. Mizunguko 20, milioni. Mizunguko 30, bilioni. Mashine halisi haifikii ukamilifu huo, ila huukaribia.

Basi wagonjwa wawili wakipimwa kwa kipimo kile kile, vinasaba vya mmoja vikaonekana katika mzunguko wa 20 na vya mwenzake katika wa 30, sampuli ya kwanza ilikuwa na vinasaba takriban mara elfu zaidi. Namba ndogo ndiyo yenye vimelea vingi. Ni rahisi mno kuisoma kinyume.

Hesabu hiyo hiyo yaeleza kwa nini wataalamu hubadilisha glavu na kutenga vyumba vya kazi. Chembe moja ya vinasaba ikipenya kutoka sampuli jirani, mizunguko 30 yaweza kuifanya bilioni, na asiye na ugonjwa akaandikiwa kuwa anao.