Somo: Kushona Gauni la Majira ya Joto kwa Kielelezo

Majira ya kaskazi yaingiapo, kati ya Desemba na Machi, joto la mwambao huwafanya wengi watafute nguo nyepesi. Gauni la pamba lisilobana ni nguo ambayo mtu mwenye cherehani nyumbani aweza kujishonea kwa kufuata kielelezo, yaani karatasi zilizochorwa vipande vya nguo kwa kipimo kamili. Hata hivyo, makosa yanayomgharimu mshonaji zaidi hayatokei kwenye cherehani. Hutokea kabla yake: dukani, kwenye futi na chini ya mkasi. Mshono mbaya hufumuliwa, lakini kitambaa kilichokatwa vibaya ni fedha iliyopotea. Somo hili linaeleza mambo ya kuhakikishwa kabla ya kukata.

1. Kuchagua kielelezo

Usichague kielelezo kwa namba ya nguo unayovaa ya dukani, kwani mara nyingi namba hizo hazilingani. Pima kifua, kiuno na nyonga ukiwa umevaa nguo nyepesi, kisha linganisha na jedwali la vipimo lililoambatana na kielelezo. Kwa gauni lisilobana, kipimo cha kifua ndicho cha kufuatwa kwanza, kwa kuwa kiuno na nyonga ni rahisi zaidi kurekebisha.

Soma pia iwapo nafasi ya mshono imekwisha kujumuishwa. Katika vielelezo vingi nafasi hiyo ni sentimita 1.5 kila upande. Ikiwa haikujumuishwa nawe hukuiongeza, gauni lenye mishono miwili ya ubavuni litapungua sentimita 6 kwa mzunguko, nalo halitavalika.

Kielelezo cha kuchapishwa kutoka intaneti huwa na mraba wa majaribio. Chapisha kwanza ukurasa wenye mraba huo, uupime kwa rula. Ukipungua hata kidogo, usiendelee: karatasi zilizochapishwa kwa asilimia 95 hugeuza sentimita 100 kuwa 95.

2. Kununua kitambaa

Uliza upana kabla ya bei. Mita 3 za kitambaa chenye upana wa sentimita 90 si sawa na mita 3 za chenye upana wa sentimita 150. Kitambaa chenye maua makubwa, kama vile vitenge vingi, huhitaji ziada ili maua yalingane kwenye mishono.

Hakikisha unajua unauziwa mita au yadi. Yadi moja ni sentimita 91.44. Mnunuzi aliyelipia mita 3 akapewa yadi 3 amepoteza takriban sentimita 26, kiasi kinachoweza kutosha mikono miwili mifupi. Omba kitambaa kipimwe mbele yako, kikiwa kimelazwa bila kuvutwa. Kikunjue chote, utazame matobo, madoa na michirizi ya rangi kabla hakijakatwa, kwani baada ya hapo ni vigumu kukirudisha. Dai risiti iliyoandikwa aina ya kitambaa na urefu wake.

Ukiwa na shaka iwapo ni pamba, chomoa nyuzi chache ukiwa nyumbani, uzishike kwa koleo juu ya beseni la maji, mbali na watoto, kisha uziwashe. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Polista huyeyuka na kuganda kuwa punje ngumu, na nguo yake huhifadhi joto na jasho.

3. Kufua kabla ya kukata

Pamba hurudi inapofuliwa, yaani hupungua urefu na upana. Kitambaa cha mita 3 kikirudi kwa asilimia 5 tu, hupungua sentimita 15. Kifue kama utakavyofua gauni lenyewe, kianike na kukipiga pasi. Kwa njia hii utajua pia kama rangi yake inachuja.

4. Kukata

Tandaza kitambaa mahali tambarare. Mshale uliochorwa kwenye kila kipande cha kielelezo sharti uende sambamba na ukingo wa kitambaa, kwa kufuata nyuzi za mtande. Pima umbali wa ncha zote mbili za mshale kutoka ukingoni. Zikitofautiana, gauni litapinda mwilini. Panga vipande vyote kwanza, ndipo ukate cha kwanza. Mwenye kujifunza ajaribu kielelezo kwa shuka kuukuu kabla ya kugusa kitambaa kipya.

5. Kushona

Jaribu uzi na sindano kwenye kipande cha ziada. Unga mabega, maliza shingo, kisha piga bandi ubavuni kwa mkono na ulivae gauni. Likikaa vyema, pitisha cherehani, na pindo la chini liwe la mwisho.

6. Ukipunjwa

Rudi kwa muuzaji mapema ukiwa na risiti na kitambaa ambacho hujakikata. Usikifue kabla ya kuupima tena urefu wake, maana baada ya kufua hutaweza kuthibitisha kama kilipungua dukani au majini. Kwa Tanzania, Wakala wa Vipimo ndio wenye jukumu la kuhakiki vipimo vya biashara, na mnunuzi aliyepunjwa aweza kupeleka malalamiko yake huko.

Maswali ya kujipima

a) Kielelezo changu kimejumuisha nafasi ya mshono?
b) Nimeuziwa mita au yadi, na upana ni kiasi gani?
c) Nimekipima kitambaa tena kabla ya kukifua?
d) Mishale yote iko sambamba na ukingo?

Ikiwa swali mojawapo halina jibu, weka mkasi chini kwanza.