Kopo la Hela za Kale

Katika Kikatiti, kando ya njia kuu itokayo Arusha kwenda Moshi, walikaa ndugu wawili pamoja na bibi yao. Babu yao alipofariki aliacha shamba la mahindi, ng'ombe mmoja, na kopo la bati lililofungwa kwa kitambaa. Ndani ya kopo hilo mlikuwamo sarafu nyingi za kale. Babu alizipokea kwa baba yake, ambaye zamani za Wadachi alikuwa mpagazi, akilipwa ujira wake kwa sarafu hizo.

Paa la nyumba ya bibi lilikuwa likivuja, na masika yalikuwa karibu. Basi ndugu mkubwa akasema, "Tuziuze sarafu hizi, tununue mabati." Mfanyabiashara mmoja apitaye njiani akalitazama kopo, akasema, "Nitawapa shilingi elfu hamsini kwa zote. Fikirini usiku huu. Asubuhi nitapita, wala sitarudi tena."

Ndugu mdogo alitaka bei ipande. Usiku ule akatwaa rupia moja, iliyo nzuri kuliko zote, akaisugua kwa mchanga na majivu hata ikang'aa kama kioo. Akalala kwa furaha.

Asubuhi mfanyabiashara alipofika, bibi alimjibu, "Bado hatujaamua, bwana." Kisha akawaambia wajukuu wake, "Haraka haraka haina baraka. Anunuaye kwa haraka hataki muuzaji apate nafasi ya kuuliza. Lichukueni kopo, mwende kwa mwalimu mzee."

Wakaenda. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, wanangu. Karibuni." Mwalimu akatandika mkeka, akazimimina sarafu, akazipanga mafungu manne.

"Fungu hili la kwanza," alisema, "ni pesa za shaba. Zilitolewa na Kampuni ya Kidachi ya Afrika ya Mashariki tangu mwaka 1890 hata 1892. Ndiyo maana mwaona maandishi ya Kiarabu upande mmoja. Pesa 64 zilikuwa sawa na rupia moja. Mwaka 1904 serikali ya Wadachi iliiacha hesabu hiyo, ikaigawa rupia kuwa heller 100. Hizo ndizo fungu la pili, na nyingine zina tundu katikati. Wazee wetu walitamka 'hela', na hata leo, Wadachi wakiwa wamekwisha kuondoka zamani, fedha zetu twaziita hela.

"Fungu la tatu ni rupia zenye picha ya Kaisari Wilhelm wa Pili. Rupia moja ina uzito wa gramu 11 na zaidi kidogo, na katika sehemu 12 za uzito huo, sehemu 11 ni fedha tupu. Ninyi mnazo kumi. Fedha iliyomo katika hizi kumi peke yake yapita bei mliyoambiwa kwa kopo zima."

Ndugu mkubwa akaokota sarafu moja ya manjano katika fungu la nne, akasema kwa sauti, "Mwalimu, hii si dhahabu?"

Mwalimu akatabasamu. "Soma mwaka wake." "Ni 1916." "Naam. Wakati wa vita vile manowari za Waingereza zilifunga pwani, na fedha hazikuweza kufika kutoka Ujerumani. Basi Wadachi walitengeneza sarafu Tabora, katika karakana ya reli, kwa shaba waliyoweza kuipata, hata maganda ya mizinga. Hii ni heller 20. Ina taji, nayo ni shaba ya manjano. Walitengeneza pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15, kwa dhahabu ya Sekenke, nayo ina picha ya tembo. Zile za tembo zilikuwa kama 16,000 tu, bali hizi za heller 20 zilipita milioni moja. Zote ni za mwaka mmoja na mji mmoja, lakini bei zake ziko mbalimbali kabisa. Basi msidhani kwamba kitu ni cha thamani kwa kuwa ni cha kale. Tazameni mambo matatu: uchache wake, hali yake, na wingi wa watu wakitakao."

Ndipo mwalimu alipoiona rupia iliyong'aa. Akaigeuza mara mbili, asiseme neno. Mwisho akauliza kwa upole, "Nani aliyeisugua?"

Ndugu mdogo akainama. "Ni mimi, Mwalimu. Nilitaka ipendeze."

"Mwanangu, wakusanyaji wa sarafu hupenda ile rangi ya uzee, na alama ndogo ambazo mchanga huzifuta. Hii ilikuwa bora ya zote. Sasa thamani yake ni uzito wake tu."

Kisha akawafundisha la kufanya. Waandike orodha ya kila sarafu, mwaka wake na idadi yake. Wasisafishe hata moja. Waulize wanunuzi watatu, wala si mmoja. Tena akawaambia kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Sarafu zao ni za baadaye, lakini kabla ya kupeleka kitu chochote cha kale nje ya nchi, imewapasa kwanza kuwauliza wakuu wa mambo ya kale.

Waliporudi, bibi alimwita pia shangazi yao, maana urithi si mali ya mtu mmoja. Wote wakakubaliana. Baada ya majuma matatu waliuza rupia tisa na baadhi ya hela, na mabati yakapatikana kabla ya mvua. Rupia iliyosuguliwa haikuuzwa. Ndugu mdogo aliomba aiweke yeye mwenyewe, nayo imo katika kopo hata leo, ikimkumbusha kuuliza kabla ya kutenda.

Maswali

1. Neno "hela" lilitoka wapi?
2. Kwa nini sarafu zilitengenezwa Tabora mwaka 1916?
3. Ndugu mdogo alikuwa na nia njema. Kosa lake lilikuwa nini?
4. Je, nyumbani kwenu kuna kitu cha kale? Waulize wazee habari zake, uziandike.