Mwalimu mwanagenzi, andika unachokiona

KILA mwaka wanafunzi wa vyuo vya ualimu hutumwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Wale wanaosomea elimu maalum hujikuta mbele ya watoto wenye ulemavu wa akili, mtindio wa ubongo au usonji. Hapa kwetu Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya (KISE), iliyoanzishwa mwaka wa 1986, huwafunza walimu wa aina hii pale Kasarani, Nairobi, na baadhi ya shule za msingi zina vitengo maalum katika ua uo huo wa madarasa ya kawaida.

Huenda wewe msomaji ni mmoja wa wanafunzi hao, au ni mzazi wa mmoja wao. Wanaofika kwangu kliniki kabla ya kwenda huniuliza waogope ugonjwa gani. Mimi huwauliza kama wana daftari.

Wengi huwa nalo, kwa sababu chuo hutaka wanagenzi waweke kumbukumbu za kila siku. Hata hivyo, aghalabu huliandika usiku kwa haraka ili mkaguzi aridhike. Kwa daktari daftari hilo lina thamani kubwa. Mimi humwona mtoto kwa dakika kumi, naye ameshika nguo ya mamake kwa hofu. Wewe utakuwa naye asubuhi nzima kwa wiki kadhaa. Tena macho yako ni mageni. Mambo ambayo mwalimu wa darasa ameyazoea wewe bado yatakushtua.

Msichana wa miaka tisa aliletwa kwangu na mamake pamoja na kurasa tatu za daftari la aina hiyo. Darasani alijulikana kuwa mkaidi. Mwanagenzi alikuwa ameandika kwamba mtoto huacha kupaka rangi ghafla, hukodoa macho huku kope zikipepesa, na akiitwa haitiki. Baada ya sekunde kama kumi huendelea na kazi. Asubuhi moja hali hiyo ilitokea mara nane, na kila mara saa ilikuwa imeandikwa kando. Hicho ni kifafa cha aina isiyomwangusha mtu. Alipimwa umeme wa ubongo, akaanzishiwa vidonge, na mamake ananiambia siku hizi humaliza picha anayoianza.

Angalia alivyoandika. Hakusema mtoto ana kifafa wala hakusema ni mkaidi. “Amekataa kazi” ni hukumu, nayo hainisaidii. “Saa nne na dakika tano aliziba masikio kwa mikono, akabamiza kichwa kwenye dawati mara tatu” ni habari ninayoweza kuifanyia kazi. Pengine mvua ilikuwa ikipiga mabati, na mtoto mwenye usonji huweza kuteswa sana na kelele ambazo wewe huzijali. Pengine pia sikio lina usaha. Mtoto asiyeweza kusema huonyesha maumivu kwa tabia: jino lililooza, koo, choo kigumu cha siku nne. Tabia ikibadilika ghafla, sharti mwili uchunguzwe kwanza kabla ya kuzungumzia nidhamu.

Kifafa kinachomwangusha mtoto ni cha kawaida zaidi katika vitengo hivi kuliko madarasa mengine, hasa kwa wenye mtindio wa ubongo. Kikitokea, tazama saa. Ondoa viti na madawati karibu naye, weka sweta chini ya kichwa, usimshikilie kwa nguvu, wala usimtie kijiko au kidole mdomoni. Mtetemeko ukiisha, mlaze kwa ubavu ili mate yatoke. Kama umepita dakika tano, kama anarudiwa kabla ya kupata fahamu, kama anashindwa kupumua au ameumia, au kama ni mara yake ya kwanza, apelekwe hospitali mara moja. Wapo watu, hata waliosoma, wanaokimbia kwa kudhani mate au ushuzi wa mgonjwa huambukiza kifafa. Hilo si kweli hata kidogo.

Wakati wa uji ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo huenda asiweze kumeza vyema, na mazoea ya kumlaza chali na kumnywesha upesi ili kengele isilie kabla ya kumaliza ni ya hatari. Uji huingia kwenye mapafu, na baadaye hutibiwa nimonia mara kwa mara bila mtu kujua chanzo. Mketishe wima, kidevu kikiinamia kifua kidogo, wewe ukikaa usawa wa macho yake. Mpe kiasi kidogo, subiri ameze. Akikohoa kila anapolishwa, au sauti yake ikiwa kama ya mtu mwenye maji kooni, liandike hilo na umwambie mwalimu wa darasa siku iyo hiyo.

Watoto wenye hali ya Down wana mambo yao. Takriban nusu yao huzaliwa na kasoro ya moyo, na wengi hawasikii vizuri. Baadhi wana mifupa ya shingo iliyolegea, kwa hivyo usiwapigishe pindu katika kipindi cha michezo kabla ya kuuliza kama daktari ameruhusu.

Habari hizi zipitie kwa mwalimu wa darasa, naye azungumze na mzazi. Simulia ulichokiona, jina la ugonjwa tuachie sisi. Katika ripoti ya chuo usiandike jina la mtoto. Na mtoto mzito asiyetembea abebwe na watu wawili, magoti yakiwa yamekunjwa, la sivyo utamaliza mazoezi ukiwa na mgongo mbovu.

Kabla ya kuondoka mwisho wa muhula, mwachie mwalimu wa darasa nakala ya kurasa zinazohusu afya. Mwanagenzi atakayekufuata hatajua ni mtoto yupi hupaliwa na uji.