Misingi ya Kumfundisha Mtu Mzima

Ndugu mwanachuo, unaandaliwa kufundisha watoto, lakini huenda jamii ikakukabidhi pia darasa la jioni la watu wazima. Ndivyo ilivyokuwa baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima: sehemu kubwa ya kazi iliwaangukia walimu wa shule za msingi. Kwa takwimu za serikali, wasiojua kusoma na kuandika walipungua kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi asilimia 9.6 mwaka 1986. Tueleze misingi minne ya kazi hiyo, tukichukua mfano wa darasa katika kata ya Buzebazeba, Kigoma-Ujiji.

Kwanza, haja. Mtoto hupelekwa shule. Mtu mzima hujipeleka, na asipoona manufaa hujiondoa bila kuaga. Ndiyo maana mradi wa kisomo chenye manufaa, ulioendeshwa kandokando ya Ziwa Victoria kati ya 1968 na 1972, ulijenga vitabu vyake juu ya pamba, ndizi, uvuvi na ufugaji. Kigoma neno la kwanza ubaoni laweza kuwa "mawese". Twaona lafaa kuliko "dagaa", kwani silabi zake tatu ziko wazi, ilhali "dagaa" lina irabu mbili zinazofuatana, nazo humtatiza anayeanza.

Pili, ujuzi. Mama anunuaye mawese kwa dumu la lita 20 na kuyauza kwa chupa hukokotoa faida kichwani. Usimrudishe kwenye kuhesabu vijiti. Mwombe aeleze anavyopata jibu, kisha mwonyeshe namna ya kuiandika hesabu hiyohiyo.

Tatu, heshima. Mwite Mzee au Mama kama aitwavyo mtaani. Usimsimamishe mbele ya wenzake kwa sababu ya kosa. Pita alipoketi, umsahihishe kwa sauti ya chini.

Nne, wakati. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani jioni na taa zao, wakarejea alfajiri. Mbalamwezi ikikolea hupumzika, maana mwanga wa mwezi huipunguzia taa nguvu ya kuvuta samaki. Basi ratiba yao na ifuate mwezi, si kengele ya shule: vipindi virefu siku za mbalamwezi, na mazoezi mafupi ya mchana siku za giza.

Misingi hii isipozingatiwa, hasara yake ni kubwa. Mtu mzima akiacha darasa ni vigumu kumrudisha, kwa kuwa huamini kwamba elimu imemshinda, kumbe kilichoshindwa ni njia ya kumfundishia.

Zoezi: Chagua kazi moja ya wakazi wa mahali unapofanyia mazoezi ya kufundisha. Andaa somo la dakika 40 la kusoma au la hesabu litokanalo na kazi hiyo, ukieleza ni saa ngapi utalifundisha na kwa nini.