Kipimo cha miezi mitatu kinaposema uongo

SWALI: Daktari, nina miaka 46, naishi Morogoro. Nina selimundu tangu utotoni, na sasa nina kisukari pia. Kipimo cha miezi mitatu kimetoka asilimia 5.2, kliniki wakanipongeza. Lakini nyumbani mashine ya kidole inasoma 12, mara nyingine 14, na usiku naamka kukojoa. Nifuate kipi? Nipunguze dawa?

JIBU: Dada yangu, usipunguze hata kidonge kimoja.

Kipimo hicho, HbA1c, huangalia sukari iliyonata kwenye hemoglobini ndani ya chembe nyekundu za damu. Kwa kawaida chembe hizo huishi siku 120 hivi, ndiyo maana jibu huonyesha hali ya miezi miwili mitatu iliyopita. Za mwenye selimundu huvunjika baada ya siku 10 hadi 20. Zinakufa kabla sukari haijanata ya kutosha, na jibu linatoka chini hata kama damu imejaa sukari. Mtu ambaye wastani wake ni 12 angetarajiwa kupata asilimia 9 hivi. Hiyo 5.2 yako haina maana.

Pongezi hizo zinanitia hofu. Selimundu hudhuru figo na macho, na kisukari nacho hudhuru hivyohivyo. Kukojoa usiku peke yake hakuthibitishi kitu, maana figo za mwenye selimundu hushindwa kubana mkojo, ila 12 na 14 si za kupuuza. Tena upungufu mkubwa wa damu unaweza kuifanya mashine ya kidole isome juu kidogo, basi omba maabara wapime sukari ya damu ya mshipani, ulinganishe. Uliza pia kama wana kipimo cha fruktosamini: hakitegemei chembe nyekundu, na huonyesha wiki mbili tatu zilizopita.

Wasomaji wengine nao wajihadhari. Upungufu wa madini ya chuma, unaowapata sana wenye hedhi nzito, huweza kupandisha HbA1c bila sukari kupanda, na mtu akaongezewa dawa asiyoihitaji. Aliyeongezewa damu karibuni asikiamini kipimo hiki mpaka ipite miezi mitatu. Wenye vinasaba vya selimundu bila kuugua, wengi wao kinawafaa, mradi mashine ya maabara iwe ya aina isiyochanganywa na hemoglobini yao.

Wewe endelea kupima kidole asubuhi kabla ya kula na saa mbili baada ya mlo, uandike kwenye daftari. Nenda kliniki wiki hii nalo, usisubiri tarehe yako, na uwaombe waandike neno selimundu kwenye kadi yako ya kisukari.